Nuru Ipitayo Mwituni



Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya jambo ambalo kwa kulitazama mara moja laonekana kuwa dogo, nalo ni kupiga picha za mwitu wakati nuru yake ni nzuri. Zamani kamera ilikuwa chombo cha wageni na cha matajiri wachache. Siku hizi simu yenye kamera imeingia katika nyumba nyingi, na vijana wetu wa Somanda na wa Bariadi yote, wakitoka alfajiri kwenda shambani au kuchunga, waweza kuushika mwanga wa jua upitao kati ya migunga, wakawapelekea ndugu zao walioko Mwanza na Dar es Salaam kabla umande haujakauka. Wengine wameifanya kuwa kazi yao, nao wapata riziki kwayo.

Hatuandiki ili kuwazuia. Lakini katika kazi hii mna maswali ya dhamiri, na mwalimu wa kanisa aulizwapo na vijana yafaa awe amekwisha kuyafikiri. Je, ni vyema kutaka kukishika kitu ambacho Mungu amekifanya kipite? Tena, picha ya saa moja iliyo nzuri, je, ni ushuhuda wa kweli juu ya mwitu, au ni uongo uliovikwa nguo nzuri? Na mpiga picha ana deni gani kwa mwitu ule, na kwa watu wanaoutegemea?

Kwanza tuondoe shaka moja. Wako Wakristo wadhanio kwamba kila picha ina harufu ya sanamu za kuabudiwa. Shaka hii ni ya zamani. Mwaka 1522 katika mji wa Wittenberg watu walianza kuzivunja sanamu makanisani kwa nguvu. Martin Luther alirudi kutoka ngome ya Wartburg, naye mwezi wa Machi mwaka ule akahubiri siku nane mfululizo, akafundisha kwamba sanamu ni jambo la uhuru, na ubaya wake ni kuziabudu. Akawakumbusha kwamba wako watu walioliabudu jua na mwezi, wala hakuna ajaribuye kuviondoa mbinguni kwa sababu hiyo. Basi sisi tulio wana wa mafundisho yale hatuna haja ya kuiogopa picha. Yatupasa kuuchunguza moyo wa mtu aishikaye.

Sasa tuitazame nuru yenyewe, maana mtu hawezi kuhukumu vema jambo asilolijua. Mwanga wa jua ufikapo kwetu hupita katika hewa, na hewa huitawanya rangi ya buluu kuliko nyekundu. Jua likiwa utosini, mwanga hupita katika hewa kidogo, nao hubaki mweupe. Likiwa chini, karibu na upeo wa nchi, mwanga hupita katika hewa nyingi mno, buluu yake ikapotea njiani, ikabaki rangi ya dhahabu na wekundu. Ndiyo sababu magome ya migunga huonekana kama yamepakwa asali wakati wa kuchwa, na saa sita za mchana yale yale huonekana ya kijivu.

Tena mchana chini ya miti mna vipande vya jua kali na vipande vya kivuli kizito. Jicho la mtu laweza kuvitazama vyote viwili, kwa kuwa hujirekebisha kila ligeukapo. Kamera haiwezi kama jicho: ikikishika kivuli, jua huwa doa jeupe, ikilishika jua, kivuli huwa shimo jeusi. Kwa hiyo wapiga picha za mwituni huungojea mwanzo wa mchana au mwisho wake, au siku ya mawingu, ambapo mwanga huja laini kutoka pande zote. Hupenda zaidi asubuhi ya masika baada ya usiku wa anga wazi. Usiku ule ardhi iliyolowa hupoteza joto lake, mvuke hugeuka kuwa ukungu mabondeni, na jua lipandapo miali yake huonekana wazi kati ya matawi, kama nyuzi zilizotandazwa na mfumaji.

Lakini hapa kwetu nuru hiyo haikawii. Somanda iko chini ya digrii 3 kusini ya ikweta, na katika nchi za ikweta jua hupanda karibu wima. Kwa saa moja huenda digrii 15; basi tangu lichomozapo hata kufika digrii 6 juu ya upeo wa nchi ni dakika 24 hivi tu. Katika nchi za kaskazini ya Ulaya, wakati wa kiangazi, jua huambaa kwa mshazari, na nuru ya dhahabu hukaa muda mrefu. Mtu wa kule aweza kunywa chai yake kwanza. Mtu wa Bariadi akikawia kuifunga kamba ya kiatu, nuru imekwisha kugeuka.

Hapo ndipo swali la kwanza linapoinuka. Kitu kipitacho upesi hivi, tufanye nini nacho? Twazijua habari za watu wawili, au tuseme habari mbili za Maandiko, zinazotufaa hapa. Ya kwanza ni ya wana wa Israeli jangwani, walioamriwa kuokota mana ya siku moja tu. Waliojaribu kuiweka hata asubuhi waliikuta imeingia mabuu na kunuka. Ya pili ni ya Petro juu ya mlima. Alimwona Bwana aking'aa kwa nuru ambayo hakuna fundi wa dunia awezaye kuifanya, naye akataka kujenga vibanda vitatu pale pale ili wakae. Mwinjilisti mmoja atuambia kwamba Petro hakujua alisemalo. Nuru ile ikaondoka, wakabaki na Yesu peke yake, wakashuka naye mlimani, na chini walikuta mtoto mgonjwa na baba yake akilia.

Mtu aweza kusema, Basi, jambo limekwisha: kuishika nuru ni kujenga kibanda cha Petro. Sisi hatusemi hivyo. Petro hakukemewa kwa kuwa aliiona nuru, wala kwa kuwa aliikumbuka. Baadaye sana, baada ya Bwana kufufuka, habari ile ilihubiriwa na kuandikwa, nasi twaisoma hata leo. Kilichokuwa kosa ni kutaka kukaa pale juu na kuwasahau walioko chini. Kukumbuka na kumiliki ni mambo mawili. Anayekumbuka hushuka mlimani na neno la kuwaambia wenzake. Anayemiliki hupiga kambi juu, wala mtoto mgonjwa si shauri lake. Picha ya nuru yaweza kuwa hili au lile, na hatuwezi kuamua kwa kuitazama picha peke yake. Yatupasa kumtazama mpiga picha ashukapo.

Swali la pili ni la ukweli. Husemwa mara nyingi kwamba kamera haisemi uongo. Tukirudi mwanzo wa kazi hii tutaona kwamba neno hilo lahitaji uangalifu. Katika picha zote za kamera zilizosalia, ya kale kuliko zote ilipigwa na Nicéphore Niépce huko Ufaransa mwaka 1826 au 1827, kutoka dirisha la nyumba yake. Alitumia bamba la madini lililopakwa lami, na bamba lile lilihitaji saa nyingi sana za jua ili kushika alama. Kwa sababu hiyo jua lilizunguka wakati picha ikifanyika, na katika picha ile kuta za upande huu na za upande wa pili zote zina jua. Hakuna mtu aliyepata kuziona nyumba zile hivyo kwa macho. Ilikuwa picha ya kweli iliyofanywa na jua lenyewe, walakini haikuwa kama mtu aonavyo.

Siku hizi kamera hushika sehemu ndogo ya sekunde. Kosa la Niépce limekwisha, limekuja jingine mahali pake: zamani picha ilikusanya saa nyingi, sasa huchagua nukta moja na kuziacha nyingine zote. Na tangu zamani wasafiri walijua kwamba chombo hiki kina mipaka yake. James Augustus Grant, aliyesafiri pamoja na Speke kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha kule Zanzibar mwaka 1860. Kazi ya kuzitengeneza picha ndani ya hema lililofungwa, katika joto la nchi hizi, ikaonekana kuwa nzito mno, akashika penseli na rangi badala yake. Mchoraji apakapo rangi ya machweo, kila mtu ajua kwamba mkono wa mtu umechagua. Aonyeshwapo picha ya kamera, watu wengi husahau kwamba hapo pia mkono wa mtu umechagua: mahali pa kusimama, mwezi, saa, na kitu cha kuachwa nje ya ukingo. Na simu nyingi za siku hizi huongeza rangi zenyewe, bila hata kumwuliza mwenye simu.

Je, kuchagua saa nzuri ni uongo? Twajibu: La, kama mtu atasema kwamba ameichagua. Ndugu akikuandikia barua kuisimulia arusi, hakuelezi jinsi vyungu vilivyooshwa kesho yake, wala hatumwiti mwongo. Lakini tuseme mtu amekwenda mwituni mwezi wa Januari, ukungu ukiwapo, akaupiga picha ukingo wa miti kumi iliyobaki, na nyuma yake kuna visiki mia. Nuru ya asubuhi ikaifunika miti ile kumi hata ikaonekana kama mwitu usio na mwisho. Akaipeleka picha kwa watu wa mbali ili waseme, Tazama, mwitu wa hawa unasitawi. Kila kitu kilichomo katika picha ile kilikuwako. Hata hivyo amemshuhudia jirani yake uongo, na amri ya nane, ambayo watoto wetu hujifunza katika Katekisimo, imevunjwa bila neno moja kusemwa. Maana walio mbali hawatatuma msaada penye mwitu usitawio, na walio karibu watajiona wamefanya vya kutosha.

Mambo ya namna hii yamekwisha kutokea katika nchi zetu kwa njia kubwa zaidi. Mashariki ya Bariadi iko Serengeti. Mwaka 1959 ilitolewa sinema ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, watu wa Ujerumani, yenye jina lisemalo kwamba Serengeti isife. Michael alikufa Januari mwaka ule ule katika ajali ya ndege yao kule kule Serengeti, na mwaka 1960 sinema ile ikapewa tuzo ya Oscar. Watu wengi wa Ulaya na Marekani waliipenda nchi hii kwa ajili ya sinema ile, na wanyama wakapata watetezi. Hili ni jema, nasi hatulikatai. Lakini mwaka ule ule wa 1959 Wamasai waliokuwa wakichunga ndani ya hifadhi walikuwa wakihamishwa kupelekwa upande wa Ngorongoro. Amri hiyo ilikuwa ya serikali ya wakati ule, hatusemi kwamba sinema ndiyo iliyowaondoa. Twasema hivi tu: picha za nchi pana isiyo na mtu huwazoeza watazamaji kufikiri kwamba mtu hakuwako. Na aliyeachwa nje ya picha leo, ni rahisi kuachwa nje ya shauri kesho.

Sasa twafika penye jambo gumu kuliko yote, nasi twaomba wasomaji wetu wakae nalo kidogo.

Tumesema kwamba ukungu huifanya miali ionekane. Lakini ukungu ni wa masika. Kiangazi, tangu Julai hata Oktoba, nchi yetu ni kavu, wala ukungu haupo. Hata hivyo picha nyingi zisifiwazo sana ni za kiangazi: jua jekundu kama kaa la moto, na miali minene ikishuka kati ya miti. Miali ile yaonekana kwa nini? Yaonekana kwa sababu ya vumbi na moshi. Mara nyingi vumbi ni la ardhi iliyobaki tupu bila majani, na moshi ni wa moto uliowashwa porini, au wa tanuri la mkaa. Kama hewa ingalikuwa safi, miali isingalionekana. Basi uzuri ule umetoka katika hasara. Mwitu wajionyesha kwa uzuri wake mkubwa kwa sababu ya kuungua kwake.

Mkristo afanyeje mbele ya uzuri wa namna hii? Wengine watasema kwamba uzuri utokao katika hasara ni haramu kuutazama. Sisi hatuoni hivyo. Bwana mwenyewe alifundisha kwamba Baba huliangaza jua lake juu ya waovu na juu ya wema. Basi huliangaza juu ya moshi pia, wala hakumwomba mpiga picha ruhusa. Nuru haikutenda dhambi. Jicho lililoiona halikutenda dhambi. Dhambi huweza kuingia mahali pengine, napo ni katika kungoja.

Tueleze. Kupiga picha moja huchukua muda wa kufumba jicho. Mtu aonaye moto umeingia katika malisho ya jirani, akaishika picha moja, akakata tawi na kukimbia kuuzima pamoja na wenzake, hatuna neno naye. Huenda picha ile itawasaidia wazee kujua moto ulianzia wapi. Lakini mtu akaaye nusu saa akiungoja moshi upande vizuri hata jua liupenye, huku moto ukienda, huyo ameamua jambo moyoni mwake. Kwa nusu saa ile ametamani mwitu uendelee kuungua. Na yuko aliyezidi: awashaye majani mabichi kwa makusudi chini ya miti mikavu ili apate miali. Huyo ameuza mti kwa bei ya kivuli chake.

Mtu mmoja aweza kutujibu hivi: Kama nisingaliungoja moshi, picha isingalikuwa nzuri, na kama isingalikuwa nzuri, hakuna ambaye angaliitazama, na kama hakuna ambaye angaliitazama, hakuna ambaye angaliuhurumia mwitu. Jibu hili si la mpumbavu. Ni kweli kwamba picha huamsha watu. Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyesafiri katika nchi ya Kilimanjaro na Umasai, alikuwa na bunduki na kamera pamoja. Aliwapiga picha wanyama usiku kwa kuwasha unga wa magnesi uliolipuka kama umeme, na kitabu chake kilichotolewa Leipzig mwaka 1905 kilisomwa na wengi. Alikuwa ameua wanyama wengi. Baadaye akawa mmoja wa waliopaza sauti ili wanyama wa Afrika wasimalizwe. Basi chombo cha kuchukua chaweza kuwa chombo cha kutetea. Hata hivyo jibu lile lina ufa ndani yake. Mtu akiruhusu jambo liharibike ili apate ushahidi mzuri wa kuharibika kwake, hakuna kiasi kitakachomtosha. Kesho atahitaji moshi mzito zaidi. Twaweza kuupima moyo kwa swali moja: Mvua ikinyesha sasa hivi, ikauzima moto na kuiharibu picha yangu, nitafurahi au nitanung'unika? Anayenung'unika ajue ya kuwa amekwisha kuipenda picha kuliko mwitu.

Na sisi wa Usukuma tunao urithi utusaidiao kulielewa jambo hili, nao ni ngitili. Wasomaji wa nchi nyingine huenda hawakijui kitu hiki. Ngitili ni sehemu ya malisho na miti ambayo mwenyewe, au kijiji, huifunga wakati wa mvua ili mifugo isiingie, majani yakakua na kusimama. Kiangazi kikizidi na majani ya mahali pengine yakiisha, ngitili hufunguliwa, ng'ombe wakala. Aliyeila ngitili yake mapema hana kitu mwezi wa Septemba. Babu zetu walijua kwamba kitu huhifadhiwa kwa kukiacha, na hufunguliwa kwa wakati wake.

Tusiseme lakini kwamba wazee waliupenda mwitu wote kwa kuwa ulikuwa mzuri. Mwitu mzito ulikuwa na mbung'o, na mbung'o waliua ng'ombe na kuleta malale kwa watu. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu wengi wa Usukuma na Shinyanga walikusanywa kufyeka pori ili kuwafukuza mbung'o, wakati Bwana Swynnerton alipokuwa mkuu wa uchunguzi wa wadudu hao huko Shinyanga. Kwa mzee wa siku zile, nuru iliyoingia mahali palipokuwa na kivuli ilikuwa habari njema. Baadaye mashamba ya pamba yalipanuka, mifugo ikaongezeka, kuni zikatakiwa, na wakati wa kuhamia vijiji katika miaka ya 1970 ngitili nyingi ziliachwa bila mlinzi. Ikawa kwamba nuru imeingia kila mahali, na kivuli kimekosekana.

Mwaka 1986 ilianzishwa kazi ya serikali iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Na Bariadi wakati ule ilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga, kabla ya mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012. Ilipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi tu. Mabwana miti hawakuja na miche peke yake. Waliuliza wenyeji desturi yao, wakaitia nguvu ngitili, na mikutano ya wazee na walinzi wa vijiji wakaisimamia. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 makisio yalizidi hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi ile ilipewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sehemu kubwa haikupandwa kwa mkono: visiki vilichipuka vyenyewe vilipoachwa kupumzika. Kazi ya HASHI ilikoma mwaka 2004. Kuzilinda ngitili kukabaki mikononi mwa wenyewe.

Twaileta habari hii kwa sababu yatuonyesha kipimo. Nuru haimo mikononi mwetu. Hatuwezi kuiamuru ije, wala kuizuia isiende. Na hata picha iliyo bora hushika alama yake tu, kama unyayo ushikavyo habari ya aliyepita. Lakini miti ambayo nuru hupita kati yake imo mikononi mwetu. Asubuhi njema hurudi bila sisi kuiita, mradi pawe na majani ya kuipokea na bonde lenye unyevu wa kuufanya ukungu. Basi mtu aliye na picha elfu za nuru ya mwituni, na mwitu umekwisha, ameihifadhi sehemu isiyohitaji ulinzi, akaipoteza ile aliyokabidhiwa. Na mtu asiye na kamera, ambaye ngitili yake imesimama hata Septemba, ameihifadhi nuru ya wajukuu wake bila kujua.

Kwa hiyo, waalimu na wazee wa sharika, vijana wakiwauliza, twaona yafaa kuwajibu kwa maneno machache.

La kwanza, wapige picha kwa furaha, kwa kuwa Mungu hakuifanya nuru nzuri ili tuione kwa macho yaliyofumbwa. Wajifunze kuamka mapema na kungoja. Mvumilivu hula mbivu. Kijana aliyejizoeza kukaa kimya chini ya mkwaju kabla ya mapambazuko amejifunza jambo ambalo hata sala yahitaji.

La pili, waonyeshapo picha waseme mahali, mwezi na saa. Kama ni ukungu, waseme ni ukungu. Kama ni moshi, waseme ni moshi, na kama wanaujua ulikotoka, wasifiche. Maneno machache chini ya picha yatosha kuitii amri ya nane.

La tatu, kabla ya kuondoka wageuke nyuma. Kama nyuma kuna visiki, wavipige picha pia, na waonyeshapo ile waonyeshe na hii. Kama kuna mtu achungaye au akusanyaye kuni, wamsalimu kwanza, wamwombe ruhusa, wala wasingoje aondoke ili mwitu uonekane mtupu.

La nne, penye moto, tawi la kuuzimia lije kabla ya kamera.

Na yeye aipataye picha nzuri ya ngitili ya jirani yake, basi ampelekee mwenyewe aione. Wengi walioitunza miti yao kwa miaka ishirini hawajapata kuiona kama jua la asubuhi lionavyo, maana wakati ule wao wamo mazizini, wakikamua. Wakionyeshwa, huenda wataifunga ngitili yao kwa moyo zaidi mvua zijazo.

Bwana wa nuru atupe macho ya kuona, na mikono ya kutunza. Amina.